Kujenga Nidhamu Binafsi Hata Siku Usizokuwa na Hamu: Mwongozo Kamili

Ukimuuliza mtu kwa nini ameacha mazoezi, au kwa nini mradi alioushangilia miezi mitatu iliyopita umebaki kiporo, mara nyingi atakujibu: "Nimekosa motisha." Akishasema hivyo hukaa akiisubiri irudi, na siku hazigandi. Mwongozo huu ni wa mtu huyo. Nauweka msimamo wangu wazi mapema ili hatua zinazofuata zieleweke: kwa kazi nyingi tunazozikwepa, hamu huja tukishaanza. Na nidhamu haitokani na kujikaripia, bali na namna unavyoyapanga mambo yako ili kuanza kuwe rahisi na kukwepa kuwe na usumbufu.

Sisemi haya kwa kubahatisha. Tangu miaka ya 1970, mwanasaikolojia wa Marekani Peter Lewinsohn na wenzake walijenga tiba ya sonona inayoanza na matendo: mgonjwa anapangiwa shughuli ndogondogo za kila siku bila kusubiri kwanza ajisikie vizuri. Anafanya, kisha hali ya moyo inafuata taratibu. Tiba ya aina hiyo inatumika hadi leo. Kama inamfaa mtu ambaye hata kunyanyuka kitandani ni mzigo, hakuna sababu isimfae anayeipiga danadana ripoti ya kazini.

Kuhusu nidhamu yenyewe, kuna uchunguzi uliochapishwa mwaka 2012 na Wilhelm Hofmann na wenzake. Watu wazima 205 nchini Ujerumani walitembea na vifaa vidogo kwa wiki moja. Kifaa kilipolia, walieleza ni tamaa gani ilikuwa imewashika wakati huo na kama walikuwa wakishindana nayo. Ungetarajia kwamba wenye nidhamu kubwa ndio wanaoshindana na vishawishi kutwa nzima na kuvishinda. Ikawa kinyume: wao ndio walioripoti mivutano michache. Ninavyouelewa mimi, watu hawa hawana misuli ya ajabu moyoni. Wameishi kwa namna ambayo vishawishi haviwakuti kila saa, na hilo ni jambo la kujifunza.

Hatua ya 1: Angalia mwili kabla ya kujilaumu

Wapo wanaojiita wavivu kumbe ni wachovu. Watu wazima wengi wanahitaji kulala saa saba au zaidi. Anayelala tano kila usiku atashindwa na mpango wowote, uwe mzuri kiasi gani. Lala vya kutosha kwa wiki mbili kisha ujipime upya. Na kama kwa muda huo umepoteza hamu hata ya vitu ulivyokuwa ukivipenda, usingizi umevurugika na unajiona huna thamani, nenda kwa daktari au mshauri nasaha. Upungufu wa damu, matatizo ya tezi, sonona na tatizo la umakini vyote vinaweza kujificha nyuma ya jina la uvivu, na vyote vina matibabu.

Hatua ya 2: Chagua jambo moja, na hakikisha ni lako

Jambo moja. Anayeamua kwa mkupuo kuamka alfajiri, kukimbia, kujifunza lugha na kuacha sukari ana nguvu ya soda. Povu litapanda, litashuka, na wiki ijayo atakuwa amejiongezea sababu nne za kujiona hafai.

Kisha jiulize kama kweli unalitaka. Edward Deci na Richard Ryan, waliotumia miongo mingi kuchunguza kinachomsukuma binadamu, wanataja mahitaji matatu: kujiona umechagua mwenyewe, kujiona unaweza, na kujiona uko pamoja na watu wanaokujali. Lengo ulilobebeshwa na mzazi, bosi au majirani linakosa lile la kwanza, na ndiyo maana unalisukuma kama gari lililozimika. Malipo peke yake hayazibi pengo hilo. Mwaka 1973 Mark Lepper na wenzake walifanya jaribio na watoto wa shule ya awali waliopenda kuchora. Walioahidiwa zawadi ili wachore, wiki moja hadi mbili baadaye walipoachwa wacheze watakavyo walichora kwa muda mfupi kuliko wale ambao hawakuahidiwa kitu.

Andika sababu yako kwa sentensi mbili, kwa mkono. Ukikuta zimejaa "natakiwa" na "wenzangu wote wana", tafuta sababu nyingine iliyo yako au ubadilishe lengo. Mtu anayesomea mtihani kwa kuogopa aibu anaweza kugundua kuwa pia anataka kazi itakayomruhusu kuwa nyumbani jioni na wanawe. Sababu hiyo ya pili ndiyo ya kubandika ukutani.

Hatua ya 3: Ligeuze lengo kuwa tendo dogo

"Kufaulu mtihani wa uhasibu" huwezi kulifanya leo saa mbili usiku. "Kukaa mezani na kutatua swali moja la mizania" unaweza. Huyu msomaji wa uhasibu, anayefanya kazi mchana na kujisomea usiku, tutaendelea naye.

Kipimo ninachokipendekeza ni hiki: chukua siku yako mbovu kuliko zote, ile uliyorudi umechoka, kichwa kinauma na mtoto analia. Ni kiasi gani ungeweza kufanya siku hiyo? Hicho ndicho kiwango chako cha chini. Kwake ni swali moja. Siku nzuri atafanya manane, na hakuna anayemzuia, lakini swali moja linatosha siku kuhesabika. Watu wanalidharau hili kwa sababu linaonekana la kitoto. Wasichokiona ni kwamba mwezi wa kwanza hujengi elimu ya uhasibu. Unajenga kile kitendo cha kukaa mezani saa ile ile bila kujadiliana na nafsi.

Hatua ya 4: Weka saa, mahali, na "ikiwa… basi…"

Kama utachukua hatua moja tu katika mwongozo huu, chukua hii. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer alionyesha kwamba nia peke yake ni dhaifu, ila nia iliyofungwa kwenye mazingira mahususi ina nguvu ya kushangaza. Jaribio linalonivutia zaidi lilifanyika Uingereza na kuchapishwa mwaka 2002 na Sarah Milne, Sheina Orbell na Paschal Sheeran. Wanafunzi waligawanywa makundi matatu, wote wakitakiwa kufanya mazoezi angalau mara moja katika wiki. Kundi la kwanza halikusaidiwa kwa lolote. Waliofanya mazoezi walikuwa asilimia 38. Kundi la pili lilipewa maelezo ya kuhamasisha kuhusu mazoezi na afya ya moyo. Waliofanya walikuwa asilimia 35. Kundi la tatu lilipewa maelezo yale yale, lakini kila mmoja aliandika siku, saa na mahali atakapofanya. Waliofanya walikuwa asilimia 91.

Tazama namba za kundi la pili tena. Hamasa peke yake haikusogeza chochote. Ndiyo maana video za kutia moyo zinakuacha umechangamka kitandani, simu mkononi, na kazi iko pale pale.

Sasa andika sentensi yako. Isiwe "nitasoma jioni." Iwe: "Nikishaosha vyombo vya chakula cha usiku, nitakaa kwenye kiti cha upande wa dirisha na kufungua daftari la mizania." Ona kwamba imeshikizwa kwenye jambo ambalo tayari hutokea kila siku. Kuosha vyombo hakuhitaji kukumbushwa, kwa hiyo kunakuwa kengele ya kusoma. Chagua tukio lako kama hilo: kumaliza swala, kumshusha mtoto shuleni, kuvua viatu vya kazini.

Baada ya hapo andika vizuizi. Gabriele Oettingen, aliyechunguza ndoto za mchana kwa miaka mingi, alikuta kuwa wanaojifurahisha kwa kuwaza tu mafanikio mara nyingi hujituma kidogo zaidi. Anashauri uiwaze picha ya mafanikio, kisha papo hapo uwaze kikwazo kikubwa kilicho ndani yako, halafu upange jibu lake. Huyu wa uhasibu anakijua cha kwake: akikaa tu, anataka "kupumzika kidogo" na simu. Kwa hiyo anaandika: "Ikiwa nitataka kushika simu kabla ya swali la kwanza kuisha, basi nitaandika namba ya swali na kulisoma kwa sauti." Kwa macho ni sentensi ndogo, lakini uamuzi umeshafanyika kabla ya udhaifu kufika. Mbili au tatu za namna hii zinatosha.

Hatua ya 5: Panga chumba kabla ya kupanga moyo

Lile jaribio maarufu la Walter Mischel, ambapo mtoto aliachwa na kitamutamu na kuahidiwa kupata zaidi akisubiri, watu hulisimulia kama hadithi ya watoto wenye moyo mgumu. Waliofanikiwa kusubiri, wengi wao hawakukaa wakikitazama huku wamekaza meno. Walifunika macho, waligeukia ukuta, waliimba, walicheza na vidole vyao. Kitamutamu kikifichwa, kusubiri kulikuwa rahisi zaidi. Madai kwamba kusubiri huko kunatabiri maisha yote ya mtoto yamepunguzwa makali na utafiti mkubwa zaidi wa mwaka 2018, lakini ile mbinu ya kugeuza uso bado ni somo zuri kwa mtu mzima.

Kwa walio wengi leo, kitamutamu ni simu. Kuiweka kimya haitoshi ikiwa iko mezani, maana jicho linaiona. Ipeleke chumba kingine, kwenye chaji, kabla hujaenda kuosha vyombo. Ukihitaji kikokotoo, tafuta cha kawaida. Ukihitaji saa, weka saa ya mezani. Zima arifa zote isipokuwa simu za kupigiwa, na uondoke kwenye akaunti za mitandao ya kijamii ili kila kuingia kudai neno la siri. Sekunde ishirini za usumbufu zinaonekana si kitu, lakini mara nyingi zinatosha kumfanya mtu ajiulize alikuwa anatafuta nini.

Upande wa pili, ondoa kila usumbufu ulioko njiani kuelekea kwenye kazi. Usiku uliotangulia, acha daftari limefunguliwa ukurasa wa kesho, kalamu juu yake, swali la kuanzia limezungushiwa duara. Anayekimbia asubuhi aweke viatu na nguo kando ya kitanda, soksi zikiwa ndani ya viatu. Wengi hukwama kwenye soksi, si kwenye kilomita: mtu anafungua kabati gizani, hazioni, anakaa kitandani dakika moja, na asubuhi imekwisha.

Unaweza pia kuifunga kazi ngumu na starehe. Katika jaribio la Katherine Milkman na wenzake lililochapishwa mwaka 2014, washiriki walisikiliza vitabu vya sauti vya kusisimua wakiwa ukumbi wa mazoezi tu, na mwanzoni walienda mara nyingi zaidi. Athari hiyo ilififia kadiri wiki zilivyopita, hasa baada ya mapumziko ya sikukuu. Itumie kama kianzio, usiitegemee peke yake.

Hatua ya 6: Vuka dakika kumi za mwanzo

Wanasaikolojia Fuschia Sirois na Timothy Pychyl wanaeleza kuahirisha mambo kuwa tatizo la hisia zaidi ya tatizo la ratiba. Kazi inakuamshia hisia mbaya, unaikwepa, unapata nafuu ya papo hapo, na ubongo unajifunza kuwa kukwepa kunalipa. Kwa hiyo unapojikuta unafuta meza kwa mara ya tatu badala ya kuanza, jiulize unakimbia hisia gani. Dawa zinatofautiana.

Ikiwa ni woga wa kufanya vibaya, jiruhusu kufanya vibaya kwa makusudi. Andika rasimu chafu, jibu swali kwa kubahatisha kisha usahihishe. Ikiwa hujui pa kuanzia, hapo hukosi nidhamu, unakosa maelezo, tumia dakika tano kuandika tendo la kwanza linaloonekana kwa macho, kama "kufungua jedwali na kuandika tarehe." Kazi inayochosha tu, ikate vipande vya muda. Francesco Cirillo, akiwa mwanafunzi mwishoni mwa miaka ya 1980, alijiwekea vipindi vya dakika 25 kwa saa ya jikoni, kisha mapumziko mafupi, na njia yake imeenea duniani. Dakika 25 zikikutisha, weka kumi. Ahadi iwe ya kweli: kengele ikilia una ruhusa kamili ya kuacha. Ukijidanganya hapa, kesho nafsi yako haitakuamini. Mara nyingi hutaacha, kwa kuwa sehemu chungu zaidi ya kazi ilikuwa mlangoni.

Na iko hasira. Kazi uliyopewa bila kushirikishwa huamsha ubishi wa kimyakimya, na kuahirisha kunakuwa mgomo. Kama ni hivyo, mbinu za saa hazitakusaidia sana. Zungumza na aliyekupa kazi.

Hatua ya 7: Rekodi

Kalenda ya karatasi na alama moja kwa siku. Uchambuzi wa mwaka 2016 wa Benjamin Harkin na wenzake, uliokusanya tafiti 138, ulionyesha kuwa kufuatilia maendeleo huongeza uwezekano wa kufikia lengo, na zaidi pale maendeleo hayo yanapoandikwa au kuonyeshwa kwa wengine. Rekodi kitendo, usirekodi matokeo. Uzito wa mwili na alama za mtihani hupanda na kushuka kwa sababu zisizo mikononi mwako; kukaa mezani kuko mikononi mwako.

Hatua ya 8: Mshirikishe mtu mmoja

Kutangazia watu wote lengo lako kunakupa pongezi kabla ya kazi. Mtafute mmoja, ikiwezekana mwenye lengo lake pia, na mkubaliane swali na siku. "Jumapili saa kumi na mbili jioni nitumie picha ya kalenda yako, nami nitakutumia yangu." Asikuhubirie, akuulize tu. Anayekudhihaki au kukukejeli hafai kwa kazi hii hata kama anakupenda.

Hatua ya 9: Jua cha kufanya siku utakayokosa

Utakosa. Mgeni atakuja, umeme utakatika, utaugua. Mipango mingi hufa siku inayofuata, mtu anapojiambia kuwa "nimeshaharibu" na kuacha vyote.

Sehemu ya lawama inatokana na imani kwamba tabia hujengeka kwa siku 21. Namba hiyo hufuatiliwa hadi kwa daktari wa upasuaji wa kurekebisha sura, Maxwell Maltz, aliyeandika mwaka 1960 kwamba wagonjwa wake walihitaji angalau siku 21 kuzoea sura zao mpya. Aliandika "angalau", na alizungumzia sura. Phillippa Lally na wenzake jijini London waliwafuatilia watu 96 waliojenga tabia mpya kwa wiki 12, wakakuta wastani wa kati wa siku 66, huku makadirio yakianzia siku 18 na kufika 254 kulingana na mtu na tendo. Glasi ya maji hujengeka upesi, mazoezi huchukua muda. Na jambo la faraja: kukosa siku moja hakukuvuruga ujenzi wa tabia kwa kiasi cha maana.

Kwa hiyo ukikosa, fanya mambo mawili. Jisamehe waziwazi. Utafiti wa Michael Wohl na wenzake wa mwaka 2010 ulikuta kuwa wanafunzi waliojisamehe kwa kuahirisha kusomea mtihani wa kwanza waliahirisha kidogo zaidi walipojiandaa na wa pili. Kujichapa kunaongeza hisia mbaya kwenye kazi ile ile, na hisia mbaya ndiyo iliyokukimbiza. Kisha fanya kiwango cha chini siku inayofuata, bila kulipia deni. Msomaji wetu aliyekosa jana hafanyi maswali mawili leo. Anafanya moja, anaweka alama, anafunga daftari. Ni kweli kwamba Jumatatu au mwanzo wa mwezi humpa mtu ari mpya, na ukiangukia hapo itumie, lakini ukikosa Jumatano usisubiri Jumatatu.

Hatua ya 10: Kagua kila wiki, ongeza kidogo, au acha rasmi

Mara moja kwa wiki, kaa dakika kumi na tano na kalenda. Usijiulize kama umejitahidi. Swali hilo lina majibu mengi ya kujipendekeza. Tazama siku tupu na uulize kila moja ilikuwa na nini. Ukikuta Ijumaa zote ziko tupu, Ijumaa inahitaji saa nyingine au kupumzishwa kabisa, na mapumziko yaliyopangwa hayahesabiki kama kukosa.

Kiwango cha chini kikishakuwa rahisi kiasi kwamba unakifanya bila kukifikiria, kiongeze. Swali moja liwe mawili, kaa hapo wiki kadhaa, ndipo uende matatu. Ikiwa umeongeza na siku tupu zimeanza kujitokeza, rudi nyuma bila aibu.

Ikitokea umerekebisha saa, mahali na kiwango, ukalala vya kutosha, na baada ya miezi miwili bado unajikokota kila siku, soma tena zile sentensi mbili ulizoandika kwa mkono. Pengine sababu imebadilika, na kuna malengo yanayostahili kuachwa. Likiwa ni mojawapo, liache kwa uamuzi: andika tarehe kwenye kalenda, mjulishe mwenzako wa Jumapili, ondoa daftari mezani, na ile saa ya baada ya kuosha vyombo iache tupu kwa wiki moja kabla ya kuipangia kitu kingine.